Somo la Afya Kazini: Sukari ya Damu na Saa ya Chakula



Kisukari kimekwisha kuingia mashambani na viwandani, wala si ugonjwa wa wakubwa wa ofisini kama tulivyozoea kusema. Mimi mwenyewe ninao. Hivi karibuni nilivaa kwa majuma mawili kifaa kinachopima sukari mchana na usiku, ambacho ndugu yangu aliniletea kutoka Lusaka. Niliyoyaona nataka tuyasome pamoja, maana mengi yanahusu saa ya kula kazini, na hilo ni jambo la chama.

Kifaa chenyewe ni kiduara kama sarafu kubwa, nacho hubandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Chini yake pana uzi mwembamba unaoingia ndani ya ngozi. Kila baada ya dakika chache hupima sukari, kisha hupeleka namba kwenye simu. Mwaka 2014 kampuni ya Abbott ilianza kuuza huko Ulaya aina iitwayo FreeStyle Libre, ambayo mvaaji halazimiki kujichoma kidole ili kuirekebisha. Nyingi hukaa mwilini siku 10 hadi 15, halafu hutupwa, na hapo ndipo ghali yake ilipo.

Yafaa ieleweke kwamba kifaa hiki hakipimi damu yenyewe. Hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, kwa hiyo sukari ikipanda au kushuka upesi, namba huchelewa dakika kadhaa. Ukiulalia mkono wenye kifaa, huweza kuonyesha sukari imeshuka kumbe haikushuka. Mwili ukisema jingine na namba ikisema jingine, choma kidole upime damu.

Sasa namba. Hapa Zambia sukari hupimwa kwa milimoli katika lita. Mtu asiye na kisukari, akiamka na kabla hajala, kwa kawaida huwa chini ya 6.1. Ikifika 7 au kuzidi, na kipimo kikirudiwa kikaonyesha hivyo hivyo, daktari husema ni kisukari. Wagonjwa wengi wanaotibiwa huambiwa wajitahidi kubaki kati ya 3.9 na 10.

Sisi wa Mununga chakula chetu ni ugali wa muhogo. Siku ya kwanza nilikula mabonge yangu mawili ya kawaida pamoja na chisense, na chai ya sukari baadaye. Baada ya saa moja na nusu namba ilikuwa 14.6. Siku ya tatu nikala bonge moja, chisense wengi zaidi na kisamvu, ambacho ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wanakiita sombe, na chai bila sukari. Nikatembea hadi ufukweni na kurudi. Haikupita 10.2. Chakula ni kile kile, ila vipimo vimebadilika. Wanaotuambia tuache muhogo tule vyakula vya dukani hawajui bei ya duka.

Lakini kilichonishtua zaidi ni kushuka. Siku ya tisa tulikuwa na mkutano na mwajiri mmoja. Ulianza saa 4 asubuhi ukaendelea hadi saa 8 mchana bila mapumziko, kwa kuwa meneja alitaka tumalize. Nilikuwa nimekula asubuhi na kumeza dawa kama nilivyoagizwa. Saa 7 na nusu simu ikalia: 3.4. Mikono ilikuwa ikitetemeka, jasho linanitoka, na maneno ya mkataba yalikuwa hayaniingii tena kichwani. Nikaomba sukari na maji, na kikao kikasimama.

Sababu ni hii. Vidonge vya glibenklamidi, ambavyo wengi wetu hupewa, pamoja na sindano ya insulini, huendelea kushusha sukari hata kama chakula hakikuja. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Basi mwajiri anaposogeza mbele saa ya kula, kwa mwenzetu wa namna hii anacheza na uhai wake.

Tena dalili zake hufanana na ulevi: kuyumba, kuropoka, kukasirika bila sababu. Katika kiwanda kimoja mwenzetu wa zamu ya usiku alisimamishwa kazi kwamba amelewa, na hakuna aliyemnusa kinywa wala kumpima sukari. Tawi lilidai asikilizwe, likapeleka kadi yake ya kliniki, akarudishwa. Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kwa sababu ya mwenendo, na inakataza ubaguzi kwa sababu ya afya. Wanaofanya kazi upande wa Congo wana sheria yao. Wakaulize chama chao.

Ukimwona mwenzako katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari ndani ya maji. Ngoja dakika 15, mpime tena kama kipimo kipo, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote kinywani. Mlaze ubavu na mumpeleke hospitali mara moja.

Wengi hatutaweza kununua kifaa hiki, lakini kipimo cha kidole nacho hufundisha. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kabla ya zamu na mwisho wake, uandike katika daftari pamoja na ulichokula. Daftari hilo lipeleke kliniki, au Hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi, ili dawa ipangwe kufuata zamu yako. Usipunguze dawa mwenyewe.

Matawi yanayojiandaa kwa mazungumzo ya mkataba yaweke madai haya: saa ya chakula isisogezwe, mchuma chai aruhusiwe kubeba chakula hadi mstari wake, na pale simu zinapokatazwa karibu na mashine, mwenye kifaa aruhusiwe kuwa nayo. Namba zilizomo ndani ya simu hiyo ni siri yake na daktari wake. Mnyapara akizitaka, ajibiwe na katibu wa tawi.