Jalada la Riwaya ya Mapenzi: Mvute Msomaji Kabla Hajafungua

Umemaliza kuandika riwaya yako ya mapenzi. Umeiandika Faza, kisiwani Pate, kwenye simu, wenzako wakiwa wamelala. Sasa unataka isomwe Siyu, Lamu, Mombasa, mpaka Muscat. Basi jua hili: hakuna atakayeuona ukurasa wako wa kwanza kabla hajaliona jalada.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kitabu kilichofungwa hujiuza kwa uso wake tu. Habari njema ni kwamba huhitaji studio. Simu yenye kamera nzuri, programu kama Canva na jicho la makini vinatosha. Fuata hatua hizi.

1. Chagua hisia moja

Kabla hujagusa picha yoyote, andika sentensi hii na uimalize: "Msomaji akiliona jalada langu, ahisi…" Hamu? Wivu? Furaha ya harusi? Uchungu wa kuachwa? Chagua moja, nyingine ziache ndani ya kitabu.

Wengi hutaka kuweka kila kitu: jahazi, mwezi, waridi, machozi, wapenzi wawili na mnazi. Jalada likisema mambo sita kwa pamoja, msomaji hasikii hata moja.

Tuchukue mfano tuende nao. Riwaya yako inaitwa *Ahadi ya Kusi*. Nahodha kijana ameondoka, upepo wa kusi umechafua bahari, na mchumba wake amebaki Faza akihesabu siku. Hisia hapo ni kungoja. Kila utakachoweka jaladani kiseme kungoja.

2. Ijulikane mara moja kuwa ni mapenzi

Msomaji wa mapenzi anatafuta dalili. Asipoiona, atapita. Mills & Boon ya London, iliyoanza mwaka 1908, na Harlequin ya Kanada, iliyoanza mwaka 1949, zilijenga soko lao hivyo: mnunuzi anakitambua kitabu chao kabla hajasoma neno.

Dalili rahisi ni wawili. Si lazima wawe watu. Weka vikombe viwili vya kahawa kwenye sinia moja, kimoja kimenywewa, cha pili kimejaa na kimepoa. Weka jozi mbili za ndara mlangoni. Weka kofia ya mkono juu ya leso iliyokunjwa. Kwa *Ahadi ya Kusi*, vile vikombe viwili vinatosha. Mtu mmoja hayupo, na mwenzake anamngoja.

3. Sitiri, usimalize

Majalada ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 yalipenda mwanamume kifua wazi na mwanamke nguo ikimponyoka begani. Hapa kwetu jalada hilo litakufukuzia wateja.

Mfikirie msomaji wako. Ni dada anayesoma barazani huku mama yake anapita. Ni msichana aliyekaa kwenye boti ya Lamu, kushoto mjomba, kulia mwalimu wake wa madrasa. Akilazimika kulifunika jalada kwa gazeti, hakuna mwingine atakayeliona. Na kitabu chako kinatangazwa na mkono wa aliyekishika.

Hata huko kwengine mitindo imegeuka. Siku hizi majalada mengi ya mapenzi huchorwa kwa rangi bapa na watu wadogo, kama lile la *Red, White & Royal Blue* la mwaka 2019. *Ayesha at Last* ya Uzma Jalaluddin, mwandishi Mwislamu wa Kanada, imeuzwa kwa jalada lenye mwanamke wa hijabu. Mapenzi yanaonekana bila mtu kuvuliwa nguo.

Kwa hiyo onyesha kidogo tu. Mkono wenye hina na piko ukishika ukingo wa pazia. Macho juu ya ukaya. Mgongo wa mtu anayetazama gatini. Usichokionyesha ndicho kitakachomfanya afungue.

4. Usitumie uso wa jirani

Faza ni mji wa watu wanaojuana. Ukiweka uso wa binti wa mtaa wa pili kwenye riwaya ya mapenzi, kesho atakuwa ndiye mhusika. Watu watamuuliza yule nahodha ni nani. Utakuwa umemtia kwenye maneno yeye na wazazi wake.

Piga picha ya mikono, kivuli, mgongo, ncha ya buibui inayopepea. Hata hapo omba ruhusa, na uipate kwa maandishi: jina lake, tarehe, na kwamba amekubali picha itumike kwenye jalada. Kama umeahidi kumlipa, andika kiasi.

Picha za kuokota mtandaoni usiziguse. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki, na mwenye picha anaweza kukudai. Tovuti kama Unsplash na Pexels zina picha za kutumia bure, lakini soma masharti yao kwanza. Na ukumbuke kwamba picha hiyo hiyo inaweza kuwa kwenye majalada mengine kumi.

5. Piga picha ya pwani ya kweli

Unayo mali ambayo mbunifu wa mjini angeilipia nauli. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopauka. Mlango wa nakshi. Zidaka ndani ya nyumba ya kale. Jahazi lenye macho mawili kwenye omo. Mikoko maji yakiwa yametoka.

Piga saa kumi na nusu alasiri au saa moja asubuhi. Jua la saa sita hufanya kila kitu kiwe cheupe na vivuli kuwa vikali. Ikiwa ni ndani, kaa karibu na dirisha na uzime taa.

Simamisha simu wima, kwa sababu kitabu kiko wima. Acha nafasi tupu juu au chini kwa ajili ya jina. Usivute picha karibu kwa vidole, sogea kwa miguu. Futa lenzi, chumvi ya bahari huacha ukungu.

Ukitumia akili mnemba kuchora, kagua kila pembe. Mara nyingi ukiiomba pwani ya Waswahili hukuletea jangwa, ngamia na milango isiyo ya Lamu wala ya Pate. Hesabu vidole. Tazama hina ikoje. Msomaji wa Faza ataona kosa kabla ya wewe kulisema.

6. Jifunze kutoka kwenye leso

Mwalimu bora wa ubunifu wa majalada yuko kwenye kabati la mama yako. Tandika leso sakafuni uitazame vizuri. Kuna pindo linalozunguka pande zote. Kuna mji, yaani pambo la katikati. Kuna jina, lile neno lililoandikwa chini ya mji. Macho yanajua pa kuanzia na pa kuishia.

Panga jalada lako vivyo hivyo. Ukingo mwembamba wa nakshi, picha moja katikati, jina mahali pake. Acha sehemu tupu ipumue.

Riwaya yako ikiwa ya harusi, tumia nakshi ya kisutu, ile leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na bibi harusi. Weka ukanda wake upande mmoja tu wa jalada. Mwanamke wa pwani akiuona, hahitaji kuelezwa kwamba kuna harusi humo ndani.

Kupamba kingo si jambo geni kisiwani Pate. Siyu, mji jirani yako, ilisifika zamani kwa wanakili wa misahafu, waliopamba kurasa kwa wino wa rangi. Unaendeleza kazi ya nyumbani.

7. Rangi tatu, basi

Chagua rangi moja kuu, moja ya kuisaidia, na moja ya maandishi. Nyekundu na waridi huahidi mapenzi ya moto. Bluu na dhahabu huahidi subira. Manjano ya embe huahidi kicheko. Nyeusi tupu ikitawala, msomaji atadhani ni riwaya ya upelelezi au ya majini.

Kwa *Ahadi ya Kusi*, chukua kijivu cha bahari iliyochafuka, nyeupe ya ukuta, na doa moja la nyekundu. Doa hilo liwe hina ya mkono au ukingo wa leso. Jicho litakwenda hapo hapo.

8. Jina lisomeke

Tazama majina ya riwaya zetu zilizodumu: *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Ni mafupi. Jina fupi hubeba herufi kubwa. Jina lako likiwa na maneno tisa, lipunguze kabla hujalaumu fonti.

Tumia fonti mbili pekee, moja ya jina la kitabu, nyingine ya jina lako. Zile zenye mikia na mizunguko zinavutia kwenye kadi ya harusi, lakini jaladani hugeuka mchoro usiosomeka. Kama unazipenda, tumia kwenye neno moja, mengine yaandike wazi.

Maandishi meupe yawe juu ya sehemu nyeusi ya picha, na meusi juu ya sehemu nyeupe. Yakizama kwenye picha, weka kivuli chepesi nyuma yake. Na jina lako usilifiche pembeni kama unaona haya. Msomaji akikupenda, atalitafuta kwenye kitabu cha pili.

9. Lijaribu likiwa dogo

Wasomaji wengi wataliona jalada lako kwanza kwenye WhatsApp au Facebook, likiwa halizidi ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo liweke kwenye status yako, kisha lipunguze mpaka udogo huo. Jina linasomeka? Inajulikana kuwa ni mapenzi? Kama la, ondoa kitu kimoja ujaribu tena. Mara nyingi dawa ni kuondoa. Kuongeza ni nadra kusaidia.

Jaribu pia mwanga wa simu ukiwa chini kabisa, na jua likiwa kali nje. Ndivyo watu wanavyotazama simu barazani.

10. Uliza swali linalojibika

Usiwaulize watu, "Ni zuri?" Watakwambia, "Mashallah, zuri sana," kwa adabu, na hutajifunza kitu. Onyesha jalada kwa sekunde tatu, lifiche, kisha uliza: "Unadhani hadithi hii inahusu nini?"

Waulize wanaosoma mapenzi, si rafiki zako wa mpira. Wakijibu "mtu anamngoja mpenzi wake," umefaulu. Wakijibu "utalii wa Lamu," rudi hatua ya kwanza.

11. Mpelekee mchapaji kitu kamili

Kwa kitabu cha ukubwa wa A5, jalada la mbele liwe angalau pikseli 1748 kwa 2480. Hizo ni nukta 300 kwa inchi. Ongeza milimita 3 za picha kila upande utakaokatwa, na usiweke herufi karibu na ukingo. Kwa kitabu cha kielektroniki cha kuuza Amazon, wao hupendekeza pikseli 1600 kwa 2560.

Upana wa mgongo wa kitabu hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Subiri mchapaji akupe kipimo, ndipo umalize jalada zima.

Faili itume WhatsApp kama waraka, si kama picha. Ukiituma kama picha itabanwa na kupoteza ubora, na utakuja kuona ukungu kwenye nakala mia.

Rangi ya waridi inayong'aa kwenye kioo cha simu hufifia kwenye karatasi. Dai nakala moja ya majaribio kabla ya kuruhusu kazi yote. Omba jalada lifunikwe kwa plastiki nyembamba, kwani hewa ya chumvi na mikono yenye jasho hulimaliza haraka. Mzigo ukitoka Mombasa, basi litaufikisha Mokowe, upande wa bara, na boti itamalizia safari. Sema ufungwe kwa nailoni ndani ya boksi. Maji ya bahari hayajui kama ni riwaya.

12. Usisahau nyuma

Msomaji akivutwa na mbele, atageuza. Hapo mpe maneno mia hivi: ni nani, anataka nini, nini kimemzuia. Ishia kwenye swali, usitoe mwisho wa hadithi. Nambari ya ISBN hutolewa Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Iombe mapema, na uache kisanduku cheupe chini kwa ajili yake.

Kisha linganisha jalada na kitabu chenyewe. Kama jalada limeahidi harusi na ndani kuna talaka tupu, msomaji atanunua mara moja tu. Ahidi kile utakachotoa.

Kisiwa hiki cha Pate ndicho cha Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, na maneno yake yanasomwa hadi leo. Hadithi yako nayo inastahili kusomwa. Kwa hiyo leo saa kumi na nusu chukua simu, tafuta vitu viwili na ukuta mmoja, upige picha ya kwanza.