Msomi na Rafiki: Donald Mitchell na Muziki wa Benjamin Britten

Aghalabu mhakiki hushauriwa aisome kazi na amwache mtunzi. Donald Mitchell (1925–2017), Mwingereza aliyejenga sehemu kubwa ya taaluma yake juu ya muziki wa Benjamin Britten, hakulifuata shauri hilo. Makala haya yanachunguza ukaribu huo ulimpa nini, na ulimnyima nini.

Mitchell hakuanzia chuoni. Mwaka 1947 alianzisha jarida la Music Survey, ambalo baadaye alilihariri pamoja na Hans Keller, mkimbizi kutoka Vienna. Mwaka 1952 wawili hao walitoa kitabu kizima cha uhakiki kuhusu Britten, naye hajatimiza miaka 40. Wapo waliolalamika kuwa kimejaa sifa kuliko uhakiki, na lalamiko hilo lilikuwa na msingi. Hata hivyo, kilimpa mtunzi aliye hai uchambuzi wa kina ambao kwa kawaida uliwekewa marehemu.

Katikati ya miaka ya 1960, Britten alipohitaji mchapishaji mpya, kampuni ya Faber Music iliundwa, na Mitchell akaiongoza. Mwaka 1971 akawa profesa wa kwanza wa muziki katika Chuo Kikuu cha Sussex. Britten alipofariki mwaka 1976, Mitchell alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa wosia wake. Hakimu gani huyu anayekula sahani moja na mshtakiwa?

Lakini sahani hiyo ilikuwa na chakula. Mwaka 1956 Britten alizuru Bali na kusikia gamelan, kundi la ala za shaba zinazogongwa. Mwangwi wake umo katika bale ya The Prince of the Pagodas (1957) na opera ya Death in Venice (1973). Mitchell aliufuatilia mwangwi huo hadi kwenye miswada ya mtunzi, mahali ambapo msikilizaji wa kawaida asingefika.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa maisha ya faragha. Mitchell alieleza kuwa Britten alimtaka aseme ukweli kuhusu yeye na mwimbaji Peter Pears, mwenzi wake wa maisha, katika nchi ambayo hadi mwaka 1967 sheria iliwaadhibu wanaume wapendanao. Barua za Britten, ambazo Mitchell alizihariri pamoja na wenzake, zilianza kutoka mwaka 1991, zikiwa na maelezo marefu kuliko barua zenyewe. Wasifu wa mwaka 1992, uliotumia hifadhi hiyohiyo, uliandikwa na Humphrey Carpenter, mtu wa nje.