PIKAPU HAIVUTI: TUANZE KUTAZAMA WAPI?

Pikapu ya zamani ikipungua nguvu, watu husema, "Imezeeka hiyo." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi kuna kitu kidogo kilichoziba au kilichokaza, na pesa za kikundi zinakwisha kwa kununua spea isiyohitajika. Leo tutajifunza juu ya pikapu ya dizeli ya miaka ya nyuma, ile isiyo na kompyuta.

Tunakijua kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya kilichopatwa na jambo hilo. Pikapu yao ndiyo iliyopeleka nyanya sokoni, na ndiyo iliyowachukua mama wajawazito usiku kwenda hospitali. Ikawa haivuti. Mlima iliokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu, sasa dereva anarudi ya pili, halafu ya kwanza, na nyuma moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Fundi mmoja wa mjini akawaambia, "Pampu imekwisha hiyo." Wakauza magunia ya mahindi, pampu ikatengenezwa. Pikapu ikarudi na moshi wake ule ule! Siku moja kijana aliyekuwa akiiosha akafungua kopo la chujio la hewa. Vumbi tele. Tena panya alikuwa amejaza majani ya mahindi katika bomba la kuingizia hewa. Wakasafisha, wakaweka chujio jipya, na mlima ukapandika. Magunia hayakurudi.

Injini ni kama jiko. Moto wa jiko unataka kuni na hewa. Hewa ikipungua, moshi unajaa nyumba nzima na chungu hakichemki. Katika dizeli ni hivyo hivyo: moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwa hiyo chujio la hewa hutazamwa kabla ya pampu, maana kulifungua hakuna gharama. Chujio la karatasi likung'utwe taratibu, au lipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Lisioshwe kwa maji wala petroli. Likitoboka, tununue jingine.

Lakini kabla ya kufungua chochote, tumwulize dereva swali moja: ukikanyaga mafuta, injini inanguruma au inakabwa?

Kama inanguruma na gari haliongezi mwendo, injini ni nzima. Nguvu inapotea njiani, na wa kwanza kushukiwa ni klachi. Tuipime mahali tambarare, watu wote wakae mbali, mbele na nyuma. Dereva avute breki ya mkono na kukanyaga breki ya mguu, atie gia ya tatu, kisha aachie klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu, kwa sababu kinaichoma klachi.

Kama inakabwa na moshi ni kidogo, huenda mafuta hayafiki. Chujio la dizeli huziba kwa uchafu, hasa tukinunua mafuta ya madumu. Chini ya chujio mara nyingi kuna skrubu ya kutolea maji. Injini ikiwa imezimwa, tuifungue na kukinga kwa chupa safi. Maji hukaa chini, dizeli hukaa juu. Macho yenyewe yataona. Tufungue pia kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa sauti, tundu lake la kupumulia limeziba, na tangi linazuia mafuta yasitoke.

Halafu yako mambo ambayo hata fundi huyasahau. Mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa, mwingine atazame kama mkono wa pale kwenye pampu unafika mwisho. Waya ukilegea, au zulia likikaa chini ya pedali, dereva anadhani amekanyaga kumbe bado. Tena baada ya safari fupi tusogeze kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa. Moja likiwa la moto sana kuliko mengine, breki yake imeng'ang'ania.

Na tuulize pikapu imebeba nini. Pikapu ya tani moja iliyopakiwa tani moja na nusu haiumwi, imeonewa.

Jambo la hatari: bomba za kutoka pampu kwenda kwenye nozeli zina nguvu kubwa mno. Mafuta yakivuja hapo injini ikiwaka, tusiweke kidole. Dizeli hiyo hupenya ngozi, na mtu akichomwa hivyo aende hospitali saa ile ile, hata kama kidonda ni kidogo kama ncha ya sindano. Wala mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

Wenye pikapu ya petroli wana plagi, pointi na kabureta za kutazama. Hayo yanataka somo lake.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Hapo ndipo tumwite fundi, na tumpelekee daftari. Kila tunapojaza mafuta tuandike tarehe, lita na kilomita. Tujaribu hesabu hii: mwezi wa Juni pikapu ilikwenda kilomita 240 kwa lita 20. Mwezi wa Agosti, kwa njia ile ile na mzigo ule ule, ilikwenda kilomita 160 kwa lita 20. Kila lita ilikwenda kilomita ngapi mwezi wa Juni? Na Agosti je?