SOMO: KUMWANGALIA MZEE NA MTU ASIYEJIWEZA



Mgonjwa akiletwa hospitalini katika nchi yetu ya Fizi, haji peke yake. Nyuma yake yuko mtu mwenye sufuria, mkeka na kitenge. Ndiye mlinzi wa mgonjwa. Yeye hupika, hufua, huteka maji, hukumbuka saa za dawa, na usiku hulala chini karibu na kitanda. Bila yeye kazi ya mganga ni nusu tu.

Lakini wako wagonjwa wanaokuja bila mtu. Wako na wengine ambao hawaji kabisa, kwa sababu hakuna wa kuwaleta. Hao ni wazee waliobaki peke yao, na watu wazima ambao mwili au akili yao haiwezi kujitunza. Somo hili ni juu yao, na juu yako wewe unayeweza kuwa mwangalizi wao.

1. Kwa nini wako wengi

Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 vilitawanya jamaa zetu. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakakaa katika makambi kama Lugufu na Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 watu wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Lakini jamaa hazikurudi nzima. Watoto wengine walikwisha kufa, wengine walibaki Tanzania, wengine walihamishiwa Marekani. Hivyo mzee amerudi kwenye shamba lake, lakini mkono wa kulima haupo.

Zamani mzee mwanamume alikuwa na mahali pake katika lubunga, pale wazee wa Kibembe wanapokata maneno. Mzee mwanamke alikuwa na wajukuu wa kumtekea maji. Leo waweza kumkuta mzee wa namna hiyo katika nyumba yenye mlango uliofungwa mchana, na majirani hawajui kama amekula.

Usiseme, “Huyo si wa ukoo wangu.” Bwana Yesu alipokuwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Soma Yohana 19:25-27.

2. Ni nani afaaye kuwa mwangalizi

Kanisa la kwanza lilipata shida hii hii. Wajane wengine walisahauliwa katika kugawiwa chakula. Mitume hawakusema tu, “Kila mtu amsaidie jirani yake.” Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, mbele ya watu wote, wapewe kazi hiyo. Soma Matendo 6:1-6.

Tufanye vivyo hivyo. Kwanza wajulishwe jamaa, hata walio mbali, maana kazi hii ni yao kabla ya kuwa ya kanisa. Kama hawapo au hawawezi, kanisa lichague waangalizi wawili, si mmoja. Mmoja akiugua au akisafiri, mwingine yuko. Tena mmoja akijaribiwa, mwingine anaona. Kama mgonjwa ni mwanamke, mmoja wao na awe mwanamke, kwa ajili ya kumwosha. Mkubwa wa kijiji au wa mtaa ajulishwe majina yao.

Na mzee mwenyewe aulizwe. Akisema, “Huyu simtaki,” atafutwe mwingine. Mara nyingi yeye anajua jambo ambalo ninyi hamlijui.

3. Sauti yake kwanza

Mwangalizi mwema aweza kukosea katika jambo moja, naye adhani anafanya vizuri: anaanza kumtendea mzee kama mtoto mchanga. Anamvisha bila kumwuliza. Anasema mbele yake, “Huyu hawezi kuelewa.” Anaamua ale nini, alale wapi, ni nani aje kumwona.

Jueni kwamba kutoweza kutembea si kutoweza kuamua. Mtu aliyepooza upande mmoja huenda ulimi wake ni mzito, lakini akili yake ni nzima. Mwulize maswali ya kujibiwa kwa kichwa au kwa mkono, na umngojee. Kiziwi mkabili usoni, useme polepole. Mwenye kusahau aweza asijue leo ni siku gani, lakini ajua kwamba baridi inamwuma, na kwamba anapenda kuketi mlangoni jua likichomoza.

Kwa hiyo kanuni ni hii: jambo analoweza kuliamua mwenyewe, aliamue mwenyewe. Jambo asiloweza peke yake, msaidie kuliamua. Jambo asiloweza kabisa, tafuta alivyopenda alipokuwa mzima, na utende hivyo, wala si kama upendavyo wewe.

Hospitalini, mganga akikuuliza habari za mgonjwa, geuka kwanza kwa mgonjwa mwenyewe. Kama ni kupasuliwa, yeye ndiye wa kuelezwa na kukubali, ikiwa akili yake yaweza.

4. Mwili wake

(a) Vidonda vya kulala. Mtu asiyejigeuza hupata vidonda mahali mfupa unapokandamiza ngozi: juu ya matako, kwenye nyonga, visigino, viwiko na mabega. Mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku. Kila siku tazama ngozi yake. Ukiona mahali pamebadilika rangi, pana joto au ugumu kuliko ngozi ya kando, usipasugue. Mgeuze asilalie hapo. Weka mto au nguo iliyokunjwa chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Akijikojolea, mwoshe na kumkausha mara moja. Kidonda kikifunguka usitie majivu wala majani. Mlete kwenye kituo cha afya.

(b) Chakula. Mketishe kabla ya kumlisha, na akae hivyo nusu saa baada ya kula. Mpe kidogo kidogo. Asiye na meno apewe uji, maharagwe yaliyopondwa, sombe iliyopikwa sana, samaki aliyetolewa miiba yote. Ndagala waliokauka wakisagwa na kutiwa katika uji humpa nguvu. Akikohoa kila anapomeza, acha, uwaeleze wauguzi.

(c) Maji. Mzee hasikii kiu kama kijana. Usingoje aombe, mpe maji mara nyingi. Lakini yasiwe maji ya ziwani yaliyotekwa hivi hivi. Kipindupindu hurudi mara kwa mara pande za Baraka na Fizi. Maji yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini. Akianza kuhara maji maji, usingoje kesho. Mpe dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji. Kama haipo, chukua litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Mnyweshe njiani mnapomleta.

(d) Akili kupotea. Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili. Mzee aliyekuwa mzima juzi, na leo anasema ovyo, hajui watu, au analala tu bila kuamka vizuri, huyo ni mgonjwa sasa hivi. Huenda ni malaria, au ugonjwa wa kifua au wa mkojo, au maji yamepungua mwilini. Mlete siku ile ile. Lakini mzee ambaye amesahau polepole, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, huenda ana ugonjwa wa ubongo. Huyo pia na apimwe, maana sababu nyingine zina dawa. Ikiwa haupo uponyaji, uko utunzaji: vitu vyake viwe mahali pale pale, usibishane naye, na asiachwe kuzunguka peke yake karibu na ziwa au moto.

(e) Uso ukipinda ghafula, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakivurugika, mbebeni upesi mpaka hospitali. Na yule aliyepewa dawa za damu kupanda asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Dawa zake zote zikae katika mfuko mmoja, na mfuko huo uje pamoja naye kila mara.

5. Mali yake

Hapa ndipo waangalizi wengi huanguka. Mzee ana shamba la mihogo, michikichi, nyumba, mbuzi wawili. Mwana aliye mbali humtumia fedha kwa simu, na simu iko mkononi mwa mwangalizi. Hakuna mwingine anayeona. Siku moja mwangalizi huazima kidogo kwa ada ya shule ya mtoto wake, akinuia kurudisha. Siku ya pili hanuii tena.

Basi shikeni desturi hizi. Liwepo daftari. Kila fedha iingiayo iandikwe: tarehe, kiasi, imetoka kwa nani. Kila itokayo iandikwe: imenunua nini. Waangalizi wote wawili watie sahihi. Mzee asomewe kila juma, hata kama anasikia nusu tu. Kila mwezi shemasi, au mtu mwingine asiye wa nyumba ya waangalizi, alikague daftari hilo. Aliyetuma fedha naye ajulishwe zilivyotumika.

Mwangalizi asinunue shamba la mzee, wala asilipokee kuwa zawadi. Wala asimshike mkono kutia dole gumba katika karatasi ambayo mzee haielewi. Kanisa nalo lijiangalie. Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni sadaka kwa Mungu, kumbe wanawanyima wazazi wao msaada. Soma Marko 7:9-13. Sadaka iliyochukuliwa katika sahani ya mzee mwenye njaa haimpendezi Mungu.

6. Neno la uchawi

Tuseme wazi. Mwaka 2021 katika jimbo letu la Kivu ya Kusini wanawake waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa sababu walishtakiwa uchawi. Mara nyingi anayeshtakiwa ni mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, anayesema peke yake usiku, anayetangatanga, asiye na mwana wa kumtetea. Msomaji, tazama: hizo ni dalili za ugonjwa na za upweke. Kusema peke yake huenda ni ubongo kuugua. Kutangatanga ni kusahau njia ya nyumbani.

Mwangalizi hapa hulinda uhai wenyewe. Nyumba ambayo watu wa kanisa huingia kila siku, si rahisi watu waizulie neno. Mtoto wa jirani akifa, nenda kwa mzee wako siku ile ile, ukae naye, uonekane. Eleza majirani ugonjwa wake kabla hawajatafuta maelezo mengine. Ukisikia jina lake linatajwa, usingoje: mwendee mchungaji, mkubwa wa kijiji na polisi, na umhamishe mzee mahali salama akikubali. Na mtu akitokea kanisani mwenu akidai kwamba ameonyeshwa wachawi, asipewe nafasi ya kutaja jina la mtu. Jina likitajwa kwa kinywa, laweza kumalizwa kwa moto.

7. Sheria ya nchi

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tena Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema juu ya mtu mzima aliyepotewa na akili, na juu ya yule aliyedhoofishwa na uzee au ugonjwa. Watu hao waweza kupewa msimamizi wa kulinda mambo yao. Lakini anayempa mtu mamlaka hayo ni mahakama. Ukoo hauwezi kumtangaza mzee kuwa hana akili ili ugawanye shamba lake, wala baraza la kanisa haliwezi.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa na kanisa, jua mpaka wako. Umepewa kuosha, kulisha, kusindikiza, kuandika na kutetea. Hukupewa kuuza. Likitokea jambo kubwa la shamba au nyumba, lipelekwe mbele ya mahakama, mzee mwenyewe akiwapo ikiwezekana.

Neno la mwisho

Kazi hii haina mshahara. Inachosha mgongo, na siku nyingine mzee atakutukana kwa sababu ya maumivu. Usiifanye peke yako. Pokezaneni, mpumzike, mwombeane. Anza na dogo: juma hili tafuta ni mlango gani katika mtaa wako ambao haufunguliwi mchana. Piga hodi. Uliza jina lake, kisha uliza, “Baba,” au “Mama, wataka nikusaidie nini?” Ungojee jibu.

Maswali ya kujifunza

1. Katika mtaa wenu ni wazee wangapi wanaoishi peke yao? Tajeni majina yao, na nani awaangalie.
2. Kwa nini inafaa waangalizi wawe wawili?
3. Ni mahali gani mwilini panapopata vidonda vya kulala? Mgonjwa ageuzwe kila saa ngapi?
4. Mzee alikuwa mzima juzi, leo hajui watu. Utafanya nini, na lini?
5. Nani ataliangalia daftari la fedha katika kanisa lenu?
6. Ukisikia mzee anaitwa mchawi, utamwendea nani kwanza?