Ramadhani, Siku ya 14: Deni lililofungiwa ndani ya simu



Ndugu zangu waumini, siku hizi vijana wetu wengi wana programu ya bajeti kwenye simu. Unaingiza ulichopata, unaingiza ulichotumia, inakuonyesha umebakiwa na nini. Ni jambo jema, hasa mwezi huu ambao tunajinyima mchana halafu jioni tunatumia hela kuliko mwezi wowote. Surat Al-Furqan aya ya 67 inawasifu wanaotumia bila israfu na bila ubakhili. Sasa utajuaje uko upande gani, kama hujui tende, sukari na nyama ya futari zimekula shilingi ngapi?

Ila programu nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa mshahara. Zinakuuliza: kwa mwezi unapata kiasi gani? Mkulima wa mbaazi wa hapa Babati atajibu nini? Hela yake inakuja baada ya mavuno, na bei haiko mkononi mwake. Tunakumbuka 2017, India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei huku ikaporomoka. Mtu huyu apige hesabu ya mwaka, siyo ya mwezi. Na kabla ya kugawa, atoe zaka ikiwa mavuno yamefika nisabu ya wasaki 5: sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia kwa gharama.

Hayo ni mepesi. Zito ni madeni.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, haizungumzii swala wala funga. Inazungumzia kuandika deni. Inataka muda ujulikane, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Simu yako inaandika, sawa. Shahidi yuko wapi? Umeandika "nadaiwa 350,000", umeweka nywila, hakuna anayejua, hata mke wako. Ukiondoka ghafla na pikipiki barabara ya Singida, deni limebaki ndani ya simu iliyofungwa.

Na deni halifi. Surat An-Nisaa inatanguliza wasia na deni kabla ya mirathi. Mnakijua kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (s.a.w.): alipoambiwa marehemu ana deni na hakuacha cha kulilipa, aliwaambia maswahaba wamswalie wenyewe, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba lile deni. Pale deni lilijulikana, akapatikana wa kulibeba. Lisilojulikana nani atalibeba?

Kwa hiyo, ndugu yangu, tumia programu, au daftari la shule la kawaida, yote sawa. Andika jina la anayekudai, kiasi, tarehe ya kukopa na ya kulipa. Kisha mwonyeshe mkeo, mumeo au mwanao mkubwa, na mtu mwingine mmoja mwaminifu. Unaona aibu? Aibu ya leo sebuleni ni ndogo kuliko ya mwanao kudaiwa makaburini na mtu asiyemjua.

Usichanganye pia programu ya bajeti na programu ya mikopo. Kwenye simu zinafanana, lakini ya pili inakupa hela dakika mbili na kurudisha ni kwa nyongeza, na riba tunajua hukumu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Ila leseni ya serikali haihalalishi riba, hilo tuelewane.

Na deni la dukani kwa Mangi lihesabu pia. Yeye analo daftari lake, pita leo baada ya Alasiri mkalinganishe, kabla gharama za Idi hazijaanza.

Kesho in shaa Allah: zakatul fitri, nani anamtolea nani.

Wabillahi tawfiq.