Miezi mitatu unaposti, faida haifiki hata hela ya bando? Usiuze simu kwanza

Leo naongea na wewe uliyeanza juzijuzi kuuza mtandaoni na moyo umeshaanza kupoa.

Mimi nina kaduka ka vitenge hapa Munanila, huku milimani Kigoma. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kupigwa. Mama aliuza maharage yake akanipa mtaji wa 180,000. Nikaingia Facebook na WhatsApp kwa mbwembwe. Miezi mitatu nikauza vitenge 7, kila kimoja faida 4,000, jumla 28,000. Bando nililotumia? 30,000! Yaani nafanya kazi na bado simu inanidai.

Siku moja mama akaniuliza: "Mwanangu, hiyo simu inakula au inalisha?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nikachukua daftari, nikaandika wale wateja 7 mmoja mmoja, kila mtu alitokea wapi. Watano walitoka WhatsApp, watu wa Kasulu na huku kwetu wanaonifahamu. Facebook, ambako video zilikuwa zinamaliza bando, ililetea wawili tu. Na zile posti za "bei njoo inboksi" hazikuuza hata kimoja. Kumbe tatizo halikuwa bahati. Nikabadilisha haya:

1. Andika bei. Mtu akikosa bei anadhani ni ghali, anapita. Wengine wanaona aibu kuuliza.

2. Usihesabu laiki, hesabu maswali. Anayeuliza "hiki kipo cha bluu?" ana nia, hela ndiyo bado. Niliandika namba 11 za watu wa hivyo. Watu walipouza maharage nikawarudia, wanne wakanunua.

3. Bando liwe na kikomo. Mimi ni 5,000 kwa mwezi. Picha tu, napiga mchana mlangoni penye mwanga. Na bando litoke kwenye faida, usiguse mtaji.

4. Weka lengo lililo mikononi mwako. "Niuze 20" anaamua mteja. "Niposti mara 4 kwa wiki na nimjibu kila mtu siku hiyohiyo" unaamua wewe. Ukilitimiza, lala kwa amani hata kama hujauza.

5. Tafuta mmoja aliyetangulia. Issa Michuzi unamjua? Blogu yake aliianza Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, baada ya kusukumwa na Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa tayari anablogu kwa Kiswahili. Wakati huo Watanzania wenye intaneti walikuwa wa kuhesabu. Lakini Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti, akaweka kile ambacho tayari alikuwa anakifanya kila siku, na hakuacha. Mimi ninaye dada mmoja muuza viatu Kasulu. Nikikata tamaa nampigia, ananitukana kidogo, naendelea.

Miezi mitatu iliyofuata niliuza vitenge 19. Faida 76,000, toa bando 15,000, inabaki 61,000. Sio utajiri, na sitakudanganya kwamba utajenga nyumba kwa stetasi. Ila mama nimemrudishia 50,000 ya mwanzo.

La mwisho, jipe muda. Miezi sita ikipita daftari halina hata maswali, usijilaumu wala usifunge. Badilisha bidhaa. Huenda watu wanakuamini wewe, kitu unachouza ndio hawakihitaji.

Leo usiku kabla hujaposti, chukua daftari uandike wateja wako wote, hata kama ni wawili, na walikotokea. Anzia hapo.

Mama bado ananiuliza lile swali la simu. Siku hizi anauliza huku anacheka.