SOMO LA KIKUNDI: TUSOME POINTI ZA MIAKA ILIYOPITA KABLA YA KUCHAGUA KOZI



Katika mkutano mmoja wa kikundi nilichotembelea, mama mmoja alisimama akasema hivi: "Mwenyekiti, mimi niliuza mtamba wangu ili kijana amalize kidato cha nne. Akapata B. Tukapiga vigelegele. Lakini alipochagua kozi, zote alizojaza zilimkataa. Sasa mimi nauliza, ile B ilikuwa ya bure?"

Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja akajibu polepole, "Si ya bure, mama. Ila alichagua kwa kubahatisha."

Mzee alisema kweli. Yule kijana alikuwa amejaza udaktari, halafu uhandisi, halafu uanasheria, kila mahali katika chuo kikubwa kinachojulikana. Hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba pointi zilizohitajika miaka iliyotangulia huchapishwa, na kwamba yeyote anaweza kuzisoma. Somo hili linahusu jambo hilo.

KUSUDI LA SOMO

Mwisho wa somo hili, kila mzazi katika kikundi aweze kukaa na mtoto wake, asome orodha ya pointi, na amsaidie kupanga chaguo zake kwa busara. Si lazima mzazi awe amesoma sana. Anayeweza kulinganisha bei ya mahindi ya soko hili na soko lile anaweza kazi hii.

NANI HUGAWA NAFASI?

Zamani kazi hii ilifanywa na Halmashauri ya Pamoja iliyojulikana kama JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikaleta chombo kingine kinachoitwa KUCCPS. Hiki ndicho hupanga wanafunzi katika vyuo vikuu na pia katika vyuo vya kati. Maombi hufanywa kwa intaneti, katika simu au pale saiba, baada ya matokeo ya KCSE kutoka.

Anayetaka digrii lazima awe na gredi ya wastani ya C+ au zaidi. Lakini hapa ndipo wengi hukosea. C+ ni mlango wa boma tu. Kuingia nyumba fulani ndani ya boma kuna masharti yake.

MAMBO MATATU YA KUELEWA

1. Masharti ya masomo. Kila kozi hutaja masomo inayoyataka na gredi ya chini katika kila somo. Kwa mfano, udaktari wa binadamu unataka B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mtoto mwenye wastani wa A- lakini ana B- katika Kemia hawezi kuingia hapo, hata tukifanya harambee ya wilaya nzima.

2. Pointi za klasta. Kozi zimewekwa katika mafungu yanayoitwa klasta. Kila klasta huangalia masomo manne yanayohusu kozi hizo, pamoja na matokeo ya mtoto kwa jumla. Somo moja lina pointi 12 kwa juu kabisa, kwa hiyo masomo manne ni 48. Mtoto mmoja huwa na pointi tofauti katika klasta tofauti: anaweza kuwa juu katika klasta ya biashara na chini katika ile ya uhandisi. Hakuna haja ya kupiga hesabu wenyewe. Mtoto akifungua ukurasa wake wa KUCCPS, ataonyeshwa pointi zake. Aziandike zote kwa daftari.

3. Pointi za mwisho. Hizi ni pointi za yule mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo, katika chuo hicho, mwaka huo. Ndizo zinazochapishwa. Fikiria foleni ya mbolea ya serikali. Magunia yakiwa 50, mtu wa 50 ndiye wa mwisho kupata. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua awe yule. Ni wingi wa watu na uchache wa magunia uliomweka pale.

KWA NINI POINTI HUBADILIKA?

Foleni ya mwaka huu si ile ya mwaka jana. Katika KCSE ya mwaka 2023, watahiniwa 201,133 walipata C+ na zaidi. Mwaka 2024 walikuwa 246,391. Ni nyongeza ya watu 45,258 kwa mwaka mmoja tu. Nafasi za kozi inayopendwa zisipoongezwa, pointi za mwisho zitapanda. Chuo kikiongeza nafasi, au kozi ikipoteza sifa kwa vijana, zitashuka.

Kwa hiyo pointi za mwaka jana ni kama alama ya maji katika nguzo ya daraja. Zinakuonyesha mafuriko yalifika wapi, hazikuahidi kwamba mwaka huu yatafika hapo hapo. Ndiyo sababu tunasoma miaka mitatu, si mmoja.

MFANO WA KUFANYA PAMOJA

Mwandishi wa kikundi aandike hesabu hii ubaoni. Ni mfano wa kujifunzia tu. Orodha ya kweli ina tarakimu nyingi zaidi baada ya nukta.

Tuseme binti anataka uuguzi, na katika klasta ya kozi hiyo ana pointi 36.2. Ameangalia vyuo vitatu:

Chuo cha kwanza, miaka mitatu: 39.8, 40.3, 41.1.
Chuo cha pili: 35.4, 36.0, 35.8.
Chuo cha tatu: 31.2, 30.9, 31.7.

Sasa tuulizane. Chuo cha kwanza, hata mwaka ule uliokuwa rahisi zaidi, binti angekosa kwa pointi 3.6. Tena kila mwaka zinapanda. Tukiite mlima. Chuo cha pili angeingia miaka yote mitatu, lakini ule mwaka mgumu angepita kwa pointi 0.2 tu. Tukiite mizani, maana yaweza kuinuka au kushuka. Chuo cha tatu amezidi mwaka mgumu kwa pointi 4.5. Tukiite ghala.

Uuguzi ni ule ule, na pengo kati ya vyuo ni kubwa hivyo. Yule kijana wa mama alijaza milima mitupu. Hakuweka mizani, hakuweka ghala.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, mtoto aandike kozi anazozitaka kweli, si zile za kusifiwa na majirani.

Pili, kwa kila kozi aangalie masharti ya masomo. Ile asiyoitimiza aifute papo hapo, asihurumie.

Tatu, kwa zilizobaki, aandike pointi zake za klasta hiyo, halafu pointi za mwisho za miaka iliyochapishwa, chuo kwa chuo. Aangalie vizuri nambari ya kozi, kwa sababu majina mengine hufanana sana.

Nne, aweke kila moja katika fungu lake: mlima, mizani au ghala.

Tano, apange chaguo. Nafasi za kujaza zina kikomo, kwa hivyo asizipoteze. Mlima mmoja si vibaya, kama kweli ndio moyo wake unapotaka na pengo si kubwa. Mizani ziwe kadhaa. Ghala isikose. Lakini ghala iwe kozi ambayo akipewa ataisoma kwa furaha. Ghala yenye mahindi usiyoweza kula si ghala.

Sita, kabla ya kutuma, familia iulize karo, nyumba ya kulala na nauli. Mkopo wa HELB unaombwa kando. Kupata nafasi hakumaanishi kwamba umepata pesa.

MAONYO MACHACHE

Usisikize maneno ya njiani, ati "fulani alipata B akachukuliwa." Uliza: mwaka gani, chuo gani, na klasta yake ilikuwa pointi ngapi?

Usimwachie mtu wa saiba amchagulie mtoto. Yeye ana foleni nyuma yako. Njoo na daftari lililojazwa, yeye apige chapa tu. Neno la siri la mtoto libaki na mtoto.

Akikosa mara ya kwanza, msikate tamaa. Huwa kuna nafasi ya kuchagua tena kati ya kozi ambazo hazijajaa. Na yule aliyepata C- na zaidi anaweza kusoma diploma, kisha apande ngazi kutoka hapo. Huyo naye ni mtoto wa kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni watoto wangapi walikosa kozi kwa sababu ya kuchagua vibaya, si kwa sababu ya gredi?
2. Sisi wazazi tumewasukuma watoto kwenye milima kwa ajili ya sifa zetu wenyewe? Tuseme ukweli.
3. Kikundi kinaweza kutenga pesa kidogo za saiba kwa watoto wa wanachama wasio na simu?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, vijana wawili wa kikundi watafute pointi za mwisho za kozi tano ambazo watoto wetu hupenda, katika vyuo vitatu kila moja. Waziandike kwa karatasi kubwa na kuibandika ukutani mahali tunapokutania. Kila mwaka tuongeze safu moja.

Na yule mama? Kijana wake alirudia kuchagua, safari hii akiwa na daftari. Alipata ualimu wa Hisabati na Kemia, kozi aliyokuwa ameidharau mwanzoni. Mama aliniambia, "Afadhali. Mtamba wangu umezaa."